Udongo Uliooshwa na Daktari wa Meno

Mjomba wangu anauza samaki wa mapambo, na kwa miaka mitatu kazi yangu dukani ilikuwa kuwalisha na kupangusa vioo. Kupanga tangi hakuniachia. "Wewe uliishia shule ya msingi," alikuwa akisema, kana kwamba samaki wanadai cheti.

Ndipo daktari wa meno akaagiza tangi la mimea kwa chumba chake cha kusubiria, na mjomba akashikwa na mgongo wiki hiyo hiyo. Akaniambia akiwa amelala kifudifudi: "Haya, nenda. Jumamosi nitajikokota nije nione. Maji yakiwa machafu, unarudi kwenye vioo. Yakiwa safi na mimea imesimama, kupanga matangi ni kazi yako."

Jumatano nikamkuta daktari na mfuko wa mchanga aliojinunulia, mweupe pe. "Kama meno," akasema. Nikaudondoshea siki kidogo. Ukatoa povu.

"Mchanga huu una kombe za baharini zilizosagika, Daktari. Chokaa yake itayafanya maji yawe magumu, na mimea hii haitaki."

"Umesomea wapi hayo?"

"Napangusa vioo. Naangalia."

Nesi wake akaficha kicheko kwenye mkono.

Tukakubaliana: chini udongo mweusi, kina cha vidole viwili, ndio chakula cha mizizi, juu mchanga wa mto wenye punje kama za mtama, vidole vitatu, uukalie ule udongo usipande kuchafua maji. Magunia yote mawili, la udongo na la mchanga niliyokuja nayo kutoka dukani, nikayaacha kwake. Mchanga ulihitaji kuoshwa, naye akang'ang'ania kuuosha mwenyewe. Usafi, alisema, ndio kazi yake.

Alhamisi asubuhi alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa. Ameosha mchanga. Ameosha na udongo.

"Mara tisa," akasema. "Ulikuwa na uchafu huo, hujapata kuona."

Nikachungulia beseni. Ndani mlikuwa na vijiti, nyuzi za mizizi na vikokoto, vyote safi sana.

"Daktari, huo uchafu ndio udongo wenyewe."

Nesi akatoka nje. Tukamsikia akicheka huko kwenye ngazi.

"Maji ya kuoshea uliyamwaga wapi?" nikauliza, maana Jumamosi niliiona inanijia mbio.

"Sijayamwaga. Nilitaka uyaone."

Ni mtu ambaye akikung'oa jino lazima akuonyeshe. Ndoo tisa zilikuwa zimejipanga bafuni, nyeusi tii.

"Basi zisiguswe."

"Nikoroge kidogo?"

"Usikoroge."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Ukae, Daktari."

Akakaa, lakini kila akimaliza mgonjwa alikwenda kuchungulia, nami nikawa nimeweka kiti mlangoni mwa bafu kama askari. Mpaka Ijumaa asubuhi tope lilikuwa limelala chini. Nikayanyonya maji ya juu kwa mpira, polepole, ndoo baada ya ndoo, likabaki tope laini kama uji. Nikalianika juu ya magazeti mpaka likashikana, nikalichanganya na vijiti vyake visafi, nikatandaza, nikafunika kwa mchanga, nikapanda mimea. Maji niliyamimina juu ya sahani ili yasifukue. Daktari hakupumua mpaka tangi likajaa.

Jumamosi mjomba akaja amepinda, akamulika tochi. Maji yalikuwa safi, mpaka ukuta wa nyuma unaonekana. Akaingiza kidole kwenye mchanga, akatoa chembe nyeusi, akaisugua.

"Laini hivi? Mimi nachekecha siku mbili sipati hivi. Mmeufanyaje?"

Daktari akakohoa. "Tuliuosha," akasema.

Mjomba akanigeukia. Nikatazama samaki, ingawa walikuwa bado hawajawekwa.

"Wiki ijayo kuna wakili anataka la futi nne," akasema mwishowe. "Utakwenda wewe."

"Peke yangu?"

"Na nani tena? Mgongo ndio huu."

Nikamwuliza kitu kimoja tu: huyo wakili ni mtu wa usafi sana?