Tangazo la Saba

...na kama huyu jogoo angenyamaza walau, lakini jogoo hajui ibada wala hajui matangazo, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba na kulazwa kikapuni juu ya mapeasi, na kila mwinjilisti Elinuru anapovuta pumzi ili asome tangazo linalofuata naye anaguna, hata Mama Happiness waliyebanana naye kwenye benchi anacheka kwa mabega na kumnong'oneza, "Huyo naye ana shukrani yake, mwenzangu," na Efrazia anatabasamu, kwa sababu uso umeshazoea, siku hizi uso unafanya kazi peke yake bila kumwuliza mwenyewe, tangazo la pili, ubatizo wa watoto, wazazi na wasimamizi wafike kwenye mafundisho Jumatano saa tisa alasiri bila kukosa, na lao ni la saba, mzee wa kanisa Nikodemo alimwambia pale mlangoni huku akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, lenu la saba, mama, mjiandae kusogea mbele, Mungu ni mwema... bado matano. Matano tu, halafu atasimama mbele ya usharika mzima na kikapu mkononi kumshukuru Mungu kwa kumponya mumewe Zabron, na Zabron hajapona.

Hajapona na hatapona, hilo alilijua Alhamisi saa nne asubuhi, yeye na daktari na kalenda ya ukutani, ingawa kwa kweli alilijua tangu Jumatano simu ya hospitali ilipolia, "Mama, safari hii njoo peke yako," na mtu akishaambiwa njoo peke yako ameshaambiwa yote, basi lile la alfajiri lilikuwa la kumpeleka kuthibitisha tu, zile kona zote za kushukia Soni, abiria wanacheka na kondakta, yeye ameshika bahasha ya picha za kifua kama ameshika mtoto wa watu, na daktari alikuwa kijana mpole, hakuzunguka, "Ugonjwa umerudi, mama, na umesambaa mapafu yote, hapa tulipofika dawa ni za kumpunguzia maumivu," na aibu yake ni kwamba kitu cha kwanza kilichomjia kichwani hakikuwa Zabron, hakikuwa hata binti yao Cecilia kule shule ya bweni, kilikuwa jogoo, akasema moyoni, Mungu wangu, nimeshaagiza jogoo... tangazo la tatu, kwaya kuu, mazoezi yatakuwa Ijumaa badala ya Alhamisi.

Kwa sababu shukrani ya huku haiji siku unayoihisi. Unaandika cheti, kikaratasi cha shukrani, unampa mzee wa kanisa, unapangiwa Jumapili, mbele yako wapo waliomaliza nyumba, waliofaulisha watoto, waliofunga ndoa, unasubiri zamu, na wiki sita zilizopita, Zabron aliporudishwa nyumbani na majibu safi, mapafu safi kabisa, walivyosema wakati ule, yeye Efrazia hakukaa hata kunywa chai, alikimbilia kwa mzee Nikodemo na khanga ikiburuza kwenye umande, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, tunamshukuru Mungu kwa uponyaji, akapigia mstari uponyaji, mistari miwili, kiherehere gani kile, na sasa jina likishaingia kwenye daftari la wazee halitoki hivi hivi, lazima uende kikaoni useme kwa nini, na wazee wakishasikia na wake zao wameshasikia, na kesho yake Zabron angekutana na pole njiani, angepewa pole ya kifo chake mwenyewe akiwa anakwenda kuchota maji, ndiyo maana alinyamaza, alinyamaza Alhamisi, akanyamaza Ijumaa, jana Jumamosi akaenda kuchuma mapeasi. Leo anamletea Mungu uongo kikapuni, na kwenye Biblia wapo waliofanya hivyo wakaanguka hapo hapo wakafa, bora na yeye angeanguka, angalau wangefuatana na Zabron.

Tangazo la nne, barabara ya kwenda makaburini, kila familia ilete jembe... na Zabron yuko pale mbele kushoto kwenye kundi la tarumbeta, anamwona mgongo tu, koti lile la harusi lililokuwa likimbana sasa linamwelea, na ile tarumbeta kubwa wanayoiita besi ameipakata mapajani, ameisugua mpaka madirisha yote yanaonekana humo ndani, lakini tangu ibada ianze hajaiinua hata mara moja, wenzake wanapiga yeye anaikumbatia, yeye ambaye miaka ishirini na sita akipiga noti ya chini watu wa ng'ambo ya bonde wanajua leo KKKT wameamka, Alen wa tarumbeta ndogo alikuwa akimtania, "Punguza, mghosi, mzee wangu, utatubomolea kanisa," na sasa Alen anamtazama kwa pembeni na kutazama tena chini, na Alhamisi jioni aliporudi alimkuta huyu huyu Zabron ameketi kizingitini anamenya viazi, hajawahi kumenya viazi maisha yake, "Kasemaje?" "Kasema uendelee na dawa." Akamtazama, si sana, kiasi cha kumenya kiazi kimoja, akasema, "Haya," kisha akauliza kama Soni kulikuwa na mvua.

Haya. Neno gani hilo, mtu unamdanganya usoni anakwambia haya na kukuulizia mvua, na Ijumaa akavaa koti akasema anakwenda kwa Alen kuisugua besi, akakaa saa mbili nzima, akarudi anakohoa na tope jekundu mpaka kwenye vifundo, yeye Efrazia akamfokea, hasira zote za Alhamisi akazimwaga kwenye viatu, "Unatembea wapi na kifua hicho?" naye, "Besi haijisugui yenyewe, Mama Cecilia"... tangazo la tano... hata kuomba hawezi tena, hilo ndilo linalomtisha kuliko yote, maana yeye alikuwa na Mungu wa aina mbili, wa Kiswahili ni wa kanisani, anaongewa naye kwa adabu na kitabu mkononi, na wa Kishambaa ni wa shambani, huyo anamwambia lolote akikata majani ya ng'ombe, anamlalamikia, hata kumnunia amewahi kumnunia, na tangu Alhamisi wote wawili wamenyamaza, anafungua mdomo kule kwenye majani hakitoki kitu ila swali moja, ulimrudisha wa nini, kama ulikuwa unamtaka si ungemchukua wakati ule nimeshajiandaa, kwa nini unipe wiki sita za kujifunza tena kucheka... jogoo akaguna, tangazo la sita, umoja wa vijana, atakwenda kusema nini mbele pale, watampa kipaza sauti, watamwambia mama neno moja tu, na kwaya itaimba, na Zabron atainuka na furaha ya mtu aliyepona, na yeye atamtazama.

"Tangazo la saba," alisema mwinjilisti Elinuru, akaisogeza karatasi mbali, kisha karibu, "familia ya Zabron na Efrazia wanamshukuru Mungu kwa wiki sita ambazo Baba Cecilia amekuwa nyumbani, amekula mezani pake na kulala kitandani pake. Wanaomba usharika uwaombee ujasiri kwa safari iliyobaki."

Mabega ya Mama Happiness yalitulia. Sivyo, alisema Efrazia moyoni, sivyo nilivyoandika, mimi niliandika uponyaji na mistari miwili, nani amebadilisha, mzee Nikodemo hawezi, mwinjilisti anasoma anachopewa... na lile tope. Kwa Alen ni bondeni, njia ya changarawe tupu, tope jekundu liko kilima kimoja tu, cha kupandia ofisi ya usharika, Zabron alipanda kile kilima na mapafu yale, akaomba cheti, akaandika kingine, akashuka akaja kufokewa viatu, anajua, Zabron anajua, na nani alimwambia? Hakuna aliyemwambia. Mtu aliyeishi kwa pumzi, akipuliza besi miaka ishirini na sita, angekosaje kuisikia ya mke wake ikidanganya, uendelee na dawa, haya, basi siku tatu wamefichana kifo ndani ya nyumba ya vyumba viwili, huyu anakipitisha mlango wa mbele na yule anakipitisha wa nyuma, wajinga sisi, wajinga kabisa, na alitaka kukasirika, hasira ikaja ikakosa pa kushika. Atakufa. Aliitazama habari hiyo ikabaki vile vile, haikupungua hata chembe, Krismasi hii koti lile litakuwa limetundikwa ukutani na besi itapigwa na mtu mwingine vibaya, lakini uongo ulikuwa umeondoka kikapuni, yalibaki mapeasi na jogoo, na wiki sita, ambazo zilikuwa kweli, alikula mezani pake, alilala kitandani pake, hilo anaweza kulisema kwenye kipaza sauti bila kuanguka.

Mungu, alisema, na ilitoka kwa Kishambaa, kanisani, mbele ya wote, ingawa midomo haikutikisika, mimi ujasiri sina, huyu anao kidogo na ameshautumia mwingi kwenye kile kilima, tugawie. Tangazo la nane, umoja wa wanawake, sare mpya, wenye shukrani wote watasogea mbele matangazo yakiisha, na pale mbele kushoto Zabron aligeuza shingo polepole, kwa shida, akamtafuta kwenye mabenchi ya wanawake mpaka akampata, hakutabasamu, alimtazama kama mtu anayeuliza kama Soni kulikuwa na mvua, na Efrazia akamwitikia kwa kichwa, ndiyo, ilikuwepo, nyingi.