Gari ni Zima, Aangaliwe Dereva

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Aliyewahi kuleta gari kwenye karakana yangu hapa Karatu anajua kwamba Eliamani anaweza kumfokea mteja huku amelala chini ya gari la mteja huyo huyo. Mama yangu kule Machame alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna. Sawa. Lakini hasira ninayoisema hapa ni ya mwaka themanini na tatu, na mpaka leo haijanitoka.

Parsimei alikuwa dereva wa mradi wa majosho ya ng'ombe. Ofisi yao ilikuwa juu Ngorongoro, ukingoni kabisa mwa kreta, kwenye ule ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Landrova yao ilikuwa inapeleka dawa Endulen na vijiji vya kule. Mara nne alishuka nayo kwangu na lalamiko moja tu: asubuhi, gari likiwa baridi, halishiki sailensa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta linatetemeka, linakohoa, linazimika. Ukilibembeleza robo saa, linatulia.

Na mara zote nne, alipofika mlangoni kwangu, injini ilikuwa inaunguruma vizuri kama cherehani. Limeshatembea zaidi ya saa nzima, limepata moto, litaacha kutulia lina nini? Mara ya kwanza nikasafisha plagi. Mara ya pili nikafungua kabureta kwa juu, nikaipuliza. Mara ya tatu nikamkaripia tu. Mara ya nne nilikuwa na lori la vitunguu la Mang'ola juu ya jeki, mwenye lori ananipigia kelele sikioni, na huyu naye amenisimamia na shuka lake begani akirudia neno lile lile kwa upole: asubuhi, fundi, asubuhi. Upole ule ndio ulionipandisha mori. Nikamwambia asubuhi ni yake, mimi nafanya kazi mchana.

Siku hiyo alikuwa na karatasi ya meneja wake, Bwana Josephati, aliyetaka nimwandikie gari lina nini. Nikaandika kwa mkono uliojaa grisi: "Gari ni zima, aangaliwe dereva. Huenda petroli imechanganywa na mafuta ya taa." Nikagonga mhuri, nikaikunja, nikampa. Parsimei hakuifungua kwa kuwa haikuwa yake. Akaiweka mfukoni, akaniambia asante.

Aliyekuwepo mwaka ule anajua nilichofanya. Petroli ilikuwa ya kibali, na dereva akishasemwa kwamba anauza ya ofisi na kujazia mafuta ya taa, hakuitwa mwizi tu. Aliitwa mhujumu uchumi, akapelekwa Arusha, na nyumbani kwake hawakujua atarudi lini. Nililijua hilo wakati naandika. Sikulifikiria, lakini nililijua.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, akaja Nareyu, mke wa Parsimei. Alikuwa ametoka kumpelekea mumewe chakula kituo cha polisi hapa hapa Karatu. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha shule kwamba Parsimei yuko ndani siku ya nne, Jumatatu anapelekwa Arusha, na ushahidi wenyewe ni barua yangu.

Nikamwakia. Nikamwambia mimi sikumkamata mtu, niliulizwa nikajibu, na kama mumewe ni safi basi aseme huko huko. Hakulia wala hakubishana. Alikaa juu ya tairi bovu mpaka jioni, akiniangalia ninavyofanya kazi, hadi spana zikawa zinaniponyoka. Nilipoanza kufunga mlango ndipo akasema.

"Fundi, wewe unaliona gari likiwa limeshaamka. Gari linalala kwetu. Njoo ulale kwetu, ulione likiamka."

Nilikwenda ili nimkomeshe, nisidanganye. Nilitaka Jumapili asubuhi niwashe gari lile mbele yake, litulie, nimgeukie nimwambie haya, umeona? Jumamosi tukapanda lori la unga la kwenda Endulen, mimi mbele na mfuko wa spana, yeye nyuma juu ya magunia. Nilikuwa nimenuna njia nzima, na dereva wa lori akaacha kunisemesha.

Bwana Josephati alinipokea vizuri mno. Alisema tangu dereva akamatwe anaipima petroli mwenyewe kutoka kwenye pipa, ufunguo anatembea nao shingoni, tangi amelijaza upya na gari halijatoka tena, kwa hiyo sasa litakuwa limepona. Alisema hivyo akicheka. Nikalala kwenye stoo ya dawa, na blanketi mbili hazikunitosha.

Kulipopambazuka nilikuta umande umeganda juu ya boneti. Josephati alikuja na kikombe chake cha chai, Nareyu akasimama pembeni. Nikavuta choki, nikapiga starta. Likawaka. Nikarudisha choki kidogo, nikaondoa mguu. Gari likatetemeka lote mpaka milango, likakohoa, likazimika. Nikarudia mara tatu, likazimika mara tatu, na ndani yake mna petroli ya Josephati mwenyewe.

Nareyu aliniangalia mimi, si gari. Afadhali angesema.

Nikamwita mlinzi akae kwenye usukani ashikilie mafuta kidogo, nami nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaipitisha kwenye injini, hapa, pale. Chini ya kabureta nikasikia hewa inavutwa, sss. Nikadondosha oili ya kijiko kimoja kwenye kiungio kile. Injini ikatulia pale pale. Oili ilipoishia ndani, ikaanza tena kutetemeka. Basi, ugonjwa ukawa huo. Hewa inaingia mahali isipotakiwa. Gari likipata moto chuma kinatanuka na upenyo unajiziba, likipoa unafunguka. Asubuhi, fundi, asubuhi.

Nikafungua nati, nikanyanyua kabureta, nikaitoa gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba hewa kati yake na injini. Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa ya boksi, imekatwa kwa mkasi, imeliwa upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya bluu ya sabuni ya kufulia yalikuwa bado yanasomeka.

Niliikata mimi. Mwezi wa pili mwaka ule ule, niliposhusha kabureta ya gari lile na kukosa gasketi Arusha nzima, nilikata boksi kwa mkasi wa mke wangu Blandina, nikapaka grisi, nikasema itashika mpaka ipatikane ya kweli. Kisha nikasahau. Dereva wa watu alikuja mara nne kunieleza kazi yangu mbovu, na mara ya nne nikamwandikia jela, tena nikamtuma aipeleke mwenyewe.

Kukasirikia wengine nimezoea. Siku ile nilijikasirikia mwenyewe, nikaomba mtu yeyote aseme neno nimrukie. Josephati akalisema. Nilipomweleza kwamba petroli haina kosa na gasketi ni mkono wangu, akaweka kikombe chini, akanisogelea.

"Tia hiyo mfukoni, kata nyingine, tuendelee na kazi. Mimi nimeshaandika Arusha. Na ukienda kusema ni wewe, utakaa pale alipokaa yeye."

Naapa, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili nililifikiria. Karakana ingefungwa. Watoto walikuwa watatu. Gasketi ni ndogo, inaenea kwenye kiganja, na Nareyu hakujua ni kitu gani. Kisha nikamwangalia mwanamke yule, anaangalia kiganja changu tu, hanibembelezi.

Nikamwambia Josephati akate mwenyewe. Kabureta nikaiacha juu ya boneti yake, nati zote ndani ya kikombe chake cha chai. Alinitukana mpaka tukaingia kwenye ukungu. Tukakaa barabarani saa mbili, tukalipata lori likirudi.

Kituoni nilimkuta mkuu wa zamu. Nikaweka gasketi mezani, nikaandika barua ya pili: petroli ni safi, dereva alisema kweli mara nne, ubovu ni wangu. Akaisoma, akaiweka kando ya ile ya kwanza, mihuri miwili ya mtu mmoja. Alikwenda kupiga simu, akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema Parsimei aende nyumbani, mimi nibaki, nina maelezo ya kutoa.

Parsimei alitoka amekonda. Nareyu akampa shuka lake. Nikasimama nikaanza kusema nisamehe, nilikuwa na lori la vitunguu, nilikuwa na hasira, sikujua. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia, kwa upole ule ule.

"Ulinipa ile barua," akasema, "nikakwambia asante."

Akajifunga shuka, wakatoka. Mkuu wa zamu akanisogezea karatasi, akaniambia nianze na jina langu.