Maji ya Mwezi Machi

Vinundu nilivyotumaini kuwa maua vilikuwa saba, vyekundu, vidogo kama vichwa vya kiberiti, vimelizunguka dungusi lisilozidi ukubwa wa ndimu. Kila asubuhi nilivihesabu nikiwa pekupeku, nisivishtue.

Dungusi lilikuwa la mke wangu, Drahuše, aliyekuwa amelazwa hospitalini mjini Brno kwa wiki ya tatu. Alikuwa ameliotesha kwa mbegu, na kwa miaka minne halikuwa limechanua. Majira yote ya baridi lilikaa kati ya vioo viwili vya dirisha la jikoni, bila tone la maji.

"Usilimwagilie mpaka uone maua yenyewe," aliniagiza. "Umenisikia, Vratislav? Hata likikulilia."

Daktari aliniambia amebakiwa na mwezi mmoja, labda, na ilikuwa Machi. Maua huja Mei.

Mimi ni fundi mitambo, niliyesoma hesabu za mashine darasa la jioni miaka mitano. Nilijua kitu kikiongezwa nguvu huenda mbio. Hata hivyo nilimwuliza Kubát, katibu wa chama chetu cha wapenda madungusi, tukinywa bia.

"Bwana mkubwa, hili halifunguki kwa spana," akasema. "Ngoja."

Sikungoja. Nililimwagilia vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu.

Vinundu vikavimba. Nikafurahi siku nne. Siku ya tano nikaona vimetoa miiba, myeupe, laini kama ndevu za paka. Ua halina miiba. Vyote saba vilikuwa vimegeuka machipukizi, madungusi madogo.

Nikampelekea mke wangu hospitalini vivyo hivyo, nimelifunga dungusi kwa gazeti, sijui kwa nini. Aliligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umelimwagilia."

"Vijiko viwili tu."

"Mzee wewe," akasema, akacheka. Au alikohoa, mpaka leo sijui. Kisha akang'oa chipukizi moja kwa kucha, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole juu yake. "Likauke wiki moja ndipo ulipande. Miaka mitatu, utaona maua."

Alifariki Aprili.

Nina vyungu arobaini sasa, vyote vimetokana na lile moja. Alinisamehe, au alinifunga miaka mitatu nisimfuate? Nimelipima swali hilo kila upande, halikai sawa. Mei dirisha zima huwaka rangi ya chungwa, na watu husimama barabarani kutazama.

Machi ikianza, humpelekea Kubát birika langu la kumwagilia, akae nalo mpaka nione maua yenyewe.