Krismasi Kwa Wifi

Simu ya mama yake ilimkuta juu ya ngazi, mdomo umejaa pini, mikono yote miwili imeshikilia pazia la mteja lisiporomoke. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akaitikia kwa pua.

"Mwanangu, mwaka huu Krismasi tutakula kwa mdogo wako," mama alisema. "Mkewe ameomba. Nawe upumzike kidogo."

"Mmh," alisema. Kwa pini zile hakuweza kusema zaidi, na hilo ndilo lililomponza. Mama aliichukua sauti ile kuwa ni ndiyo, akashukuru, akakata simu.

Kwao walimwita Pindo. Jina lilimganda tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kupita karibu na nguo iliyochanika upindo asiishike na kuikunja. Utu uzima ulimkuta na tabia ile ile, akaigeuza kuwa kazi: alishona mapazia, akavisha makochi, akatandika vitanda vya watu wenye nyumba za kuonyesha wageni. Lakini nyumba iliyomkaa rohoni ilikuwa yake mwenyewe, na ndani ya mwaka mzima hakukuwa na siku aliyoipenda kama Krismasi, siku ambayo familia yote ilikusanyika sebuleni kwake. Wiki nzima kabla ya hapo mapazia yalifuliwa na kupigwa pasi, makochi yakavishwa vitambaa vyeupe, bilauri zikasuguliwa hadi zikalia chini ya kidole. Mumewe, mpima ardhi aliyestaafu, alihamia barazani na redio yake ndogo bila kuambiwa. Wageni walipofika, Pindo aliwapokea kwa bashasha. "Karibuni, jisikieni mko nyumbani," aliwaambia, huku macho yake yakishuka polepole hadi kwenye soli za viatu vyao.

Upumzike kidogo. Maneno hayo alishuka nayo kwenye ngazi, akatembea nayo hadi nyumbani, akala nayo chakula cha jioni. Apumzike nini? Nani alisema amechoka? Na kati ya wote, kwa nini kwa yule?

Yule alikuwa wifi yake, mkunga wa hospitali, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na nyumba ndogo. Sufuria zake zililala zimelowekwa. Mapazia yake hayakulingana urefu, moja likigusa sakafu na jingine likikatikia chini kidogo ya dirisha kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Pindo alipata kujitolea kumshonea mapya, bure kabisa. Mkunga alimshika mkono akamwambia, "Asante wifi, haya yananitosha," na hadi leo Pindo hakujua kama ulikuwa unyenyekevu au kiburi. Alichojua ni kwamba jibu lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Tusiende kwa kuchelewa," alimwambia mumewe asubuhi ya Krismasi. "Atahitaji msaada."

Hakusema, hata moyoni mwake hakulitamka wazi, kwamba alitaka kufika mapema ili asikose kuona mambo yanavyoharibika.

Mlangoni walikuta rundo la viatu, vya kila namna, vimetupwa kama mavuno. Mkunga alitoka amevaa gauni la nyumbani, macho mekundu kwa zamu aliyoimaliza alfajiri.

"Karibu wifi! Shemeji, karibu! Viatu vitupeni hapo hapo."

Pindo alivua vyake, akavipanga sambamba ukutani.

Ndani, Mkunga alikuwa ameondoa meza ya kati na kutandika magodoro sakafuni, mito imetapakaa juu yake, kila mmoja na foronya ya rangi yake. Mti wa Krismasi ulisimama pembeni umeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mama yao alikaa kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha. Na juu ya godoro, kichwa kimeegemea magoti ya bibi yake, alilala binti yake Pindo.

Moyo ulimlipuka kwa furaha, kisha furaha ile ikachacha papo hapo. Binti huyo alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio, katika mji wa mbali. Krismasi iliyopita hakuja, alikuwa zamu. Ya kabla yake hakuja, alikuwa zamu pia. Redio haifungi sikukuu, Pindo aliwaeleza watu, tena kwa fahari kidogo, na usiku akalia kimya mgongo ukiwa umemgeukia mumewe.

"Umekuja lini?"

"Jana jioni, mama." Binti aliinuka akamkumbatia. "Mkazamjomba alinipigia, akaniambia niombe ruhusa nije nilale tu. Nimelala kweli."

"Hukuniambia."

"Nilijua tutaonana hapa."

Nilijua. Kila mtu alijua, ila yeye. Alikwenda jikoni kabla uso haujamsaliti, na huko akamkuta mumewe, ambaye alikuwa ameingia muda si mrefu, tayari ameketi kwenye kigoda na kisu mkononi, akimenya viazi na kumsimulia shemeji yake jinsi alivyopotea msituni ujanani na vifaa vyake vyote vya upimaji, hadi alipotolewa na mbuzi aliyekuwa akirudi kwao.

"Mbuzi!" mdogo wake Pindo alikuwa akicheka, amejishika mbavu. "Na ramani unayo begani!"

"Ramani ninayo. Mbuzi hana. Nikamfuata."

Pindo alisimama mlangoni. Miaka yote aliyoishi na mwanamume huyu hakuwahi kusikia habari za mbuzi. Alijaribu kukumbuka ni lini alimwona anacheka hadi fizi zinaonekana, akakosa. Inawezekana kuwa mume wa mtu ana mbuzi mzima moyoni, na anamtoa jikoni kwa wifi?

Wanaume walipomaliza viazi walitoka kwenda kutafuta viti kwa jirani. Mkunga alichungulia tanuri, kuku wawili walikuwa wameanza kupata rangi.

"Wifi, nakuomba uniangalizie hawa. Baada ya dakika chache tu uwageuze, upunguze moto. Mimi nikamkande mama magoti, baridi ya asubuhi imemshika."

"Nenda," Pindo alisema.

Kutoka pale alipokuwa, mlango ulimwonyesha kiti cha mama na si kingine. Aliona Mkunga anapiga magoti, anamimina mafuta kiganjani, anauchukua mguu wa mama na kuulaza mapajani mwake kama anavyopokea mtoto. Mama alifumba macho. Kidevu kikalegea. Pindo hakuwahi kumwona mama yake analegea hivyo. Kwake, mama aliketi wima pembeni mwa kochi jeupe, mkoba umekumbatiwa, na ilipofika jioni alikuwa wa kwanza kuuliza usafiri uko wapi. Pindo alidhani ni uzee. Kumbe uzee nao ulichagua nyumba ya kuchokea.

Wivu ulimpanda taratibu, ukawa na joto kama la tanuri lenyewe. Ndipo harufu ikaja.

Mwanzo ilikuwa harufu nzuri ya ngozi inayokauka. Kisha ikawa kali kidogo. Pindo alikuwa mpishi wa miaka mingi, aliijua harufu ile na alijua inayofuata baada yake. Alitakiwa anyooshe mkono tu. Kitambaa cha kushikia kilikuwa pale pale, karibu na kiwiko chake. Akakitazama. Acha aone, alijisemea. Acha leo waone kwamba mambo hayaendi kwa kucheka. Watu watakaa na njaa, uso utamshuka wifi, na mama atafumbua macho.

Moshi wa kwanza ulichungulia kwenye kona ya mlango wa tanuri. Akautazama nao.

"Mungu wangu!" Mkunga aliingia mbio, mikono inateleza kwa mafuta. Alifungua tanuri na moshi ukampiga usoni. Kuku walikuwa weusi kama viatu vya askari. Kwa kitambo kifupi uso ule wenye kicheko ulianguka kweli, midomo ikatetemeka, na Pindo akauona uchovu wa usiku kucha umejaa machoni. Alikuwa ameungoja uso huo. Ulipofika, haukuwa na utamu wowote.

"Nilikuwa… nilipitiwa," Pindo alisema.

"Nani anachoma matairi humu?" mdogo wake aliuliza kutoka mlango wa nyuma, amebeba viti. Alipoona, akavua kofia, akaiweka kifuani na kuinamisha kichwa mbele ya kuku. Mumewe Pindo naye akainamisha chake. Mkunga aliwatazama wawili hao, akaegemea ukuta, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, hadi akaketi sakafuni.

Walibandua ngozi, wakachana nyama iliyosalia ndani, wakaichanganya na viazi. Watu walikula wamepakata sahani, wengine kwenye viti vya jirani, wengine magodoroni.

"Hii ndiyo saizi ya meno yangu," mama alisema. "Kila mwaka nawaonea haya kwa kutafuna." Akaomba aongezewe.

Pindo alikula kidogo. Baadaye alichukua sinia la kuokea, likiwa limegandwa na weusi kila pembe, akalipeleka kwenye sinki na kuanza kulisugua kwa nguvu. Binti yake alimfuata, akachukua kitambaa cha kufutia vyombo.

"Mama," binti alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa kwenye korido. Nilikuona."

Mkono wa Pindo ulisimama. Angeweza kukana. Maneno ya kukana yalikuwa yamejipanga tayari mdomoni kama pini zake.

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

Pindo alilitazama povu. "Kwa nini huku umekuja na kwangu huji? Nikuandalie nini ambacho sikuandai? Shuka nanunua mpya. Chumba chako nakipaka rangi."

Binti alifuta sahani moja, akaifuta tena ilhali ilikuwa kavu.

"Unakumbuka Krismasi ya mwisho ya babu? Nilimwaga juisi kwenye kochi."

"Nakumbuka. Ilitoka yote, hata alama haikubaki."

"Babu alikuwa anatusimulia alivyokutana na bibi. Alikuwa amefika mahali ambapo bibi anafungua mlango. Ukaingia na ndoo na chumvi, ukatuinua wote, naye ukamwinua. Ulipomaliza kusugua, yeye alikuwa ameshaomba aletewe koti lake." Akaiweka sahani juu ya nyingine. "Sijui bibi alisema nini alipofungua mlango. Ndiyo hivyo tu, mama. Nikifika kwako nakaa nikiogopa kumwaga kitu."

Pindo alitaka kusema kwamba alifanya yote kwa ajili yao. Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimuuma: halikumsaidia. Alijitahidi kuikumbuka siku ile. Alilikumbuka doa, ukubwa wake, umbo lake, jinsi lilivyofifia kutoka rangi ya damu hadi ya waridi hadi kupotea. Baba yake hakumwona mahali popote katika kumbukumbu hiyo, hata mkono wake. Kwenye kochi palikuwa na doa, basi.

"Nenda kakae na bibi yako," alisema hatimaye. "Muulize alisema nini."

Binti alimtazama kidogo, akamgusa bega, akaenda.

Sinia lilipong'aa, Pindo alilifuta na kutoka nalo mlango wa nyuma. Mkunga alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi fupi ya uani, miguu ndani ya beseni la maji, kichwa kimeegemea fremu ya mlango. Sebuleni watu walikuwa wakicheka, naye alikuwa amewakimbia kidogo, kama mtu aliyekwenda kuvuta pumzi.

"Wifi, na hilo sinia nalo umelisugua? Ungeliacha lilowe tu." Alitabasamu. "Asante kwa kunisaidia leo. Nilikuwa na hofu na ujio wako, sikufichi. Usiku kucha wodini nilikuwa nawaza, atasema nini akiona tena mapazia yangu."

Pindo alilishika sinia kwa mikono miwili, mbele ya kifua. Pale palikuwa mahali pazuri pa kunyamaza. Mtu yeyote angenyamaza.

"Kwa wale kuku sikupitiwa," alisema. "Niliwaona wakiungua. Nikawaacha."

Tabasamu la Mkunga halikuondoka mara moja, lilichelewa kidogo kama mgeni asiyejua aage vipi. Lilipoondoka, uso wake ulibaki mtupu, umechoka, uso wa mwanamke aliyepokea watoto wa watu usiku mzima kisha akarudi kuwasha tanuri. Akainamia maji ya beseni. Akachezesha vidole vya miguu. Pindo alisubiri matusi, akayatamani hata, kwa kuwa matusi yangempa la kujibu.

"Kwa nini?" Mkunga aliuliza.

"Mama alifumba macho," Pindo alisema. Hakuwa na namna nyingine ya kulieleza.

Ndani ya nyumba mama alikuwa akisimulia jambo, maneno yake hayakusikika vizuri, na sauti ya binti ikamkatiza kwa kicheko, "Bibi! Ulimwambia hivyo kweli?"

Mkunga hakusema amesamehe. Alilivuta beseni upande wake, maji yakaruka yakalowesha ngazi, kisha akasogea, si sana, kiasi cha kuacha nafasi ya mtu mmoja kwa kubanana.

Pindo aliitazama nafasi ile, na maji yaliyotapakaa juu yake. Gauni lake lilikuwa la hariri. Aliliweka sinia chini, akashika fremu ya mlango, na akaanza kujishusha polepole, magoti yakimlia, asijue baadaye atainukaje.