Mshenga Aliyekata Kona

Ambakisye hakuwa na matairi ya theluji. Aliyatoa wiki moja kabla, siku jua lilipotoka na jirani akaonekana amevaa kaptula. Hakuwa na beleshi, kwa kuwa alilirudisha stoo siku hiyo hiyo. Hakuwa na blanketi, hakuwa na glavu, hakuwa na hata biskuti. Masikio nayo hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni suti ya kijivu, kofia ya kuendea misiba ya wakubwa, na barua ya posa ambayo hakumruhusu mtu kuishika.

Mkewe, Ikupa, aliyapanga yote hayo kichwani akiwa kwenye kiti cha abiria, ndani ya mtaro, kaskazini mwa Iowa, gari likiwa limelalia upande wake.

Safari yenyewe ilikuwa ya heshima. Humphrey, mpwa wa Ambakisye, mfamasia wa Oakdale, Minnesota, alitaka kumuoa Tulia, binti wa Watanzania wa Kansas City. Vijana walikuwa wamekwisha kubaliana, wamekwisha nunua hata sufuria. Lakini baba mkubwa wa binti, Mzee Nasibu, alisema hataitambua ndoa ambayo barua yake ya posa haikuletwa mkononi na mshenga. Alikuja kwa ndege kutoka Seattle kwa kazi hiyo tu, na Jumatatu alikuwa anarudi. Wazee wangekaa Jumamosi, saa nane mchana. Ambakisye akajiteua mwenyewe kuwa mshenga. Watu wa umoja wa Watanzania walipendekeza wengine wanne. Walimjua.

Ijumaa Ikupa, muuguzi wa Saint Paul aliyezoea kuamini vipimo, alimwonyesha utabiri wa hali ya hewa.

“Baba Ian, kesho kuna mvua ya barafu kuanzia Albert Lea.”

“Mwezi wa nne huu, mama. Hawa Wamarekani wanatishwa na simu zao. Mimi nimeendesha Mbeya mpaka Tunduma kwenye ukungu.”

“Ukungu hautelezi, Baba Ian.”

Walitoka nyumbani kwao Burnsville saa moja asubuhi, jua likiwaka. Walipofika Faribault, Ambakisye aliteremsha kioo apate hewa, amtazame mkewe kwa ushindi. Owatonna, alikipandisha. Walipopita Albert Lea mvua ilikuwa inagonga bati la gari kama mtu anayemwaga mchele, na malori yalikuwa yanatambaa upande wa kulia. Ambakisye aliyapita yote, akieleza kwa nini watu wa nchi hii hawajui kuendesha. Juu ya daraja dogo, mara tu baada ya kuingia Iowa, gari liligeuka taratibu, kwa adabu kabisa, likaangalia Minnesota lilikotoka, kisha likateremka mtaroni.

“Nimeliegesha,” alisema Ambakisye.

Mwenye gari la kuvuta magari aliwaambia kwa simu kwamba kuna watu arobaini mbele yao. Wakakaa. Saa nane kamili simu ya Ambakisye ikalia. Alikuwa Dafrosa, mama yake Tulia.

“Mshenga wetu, mmefika wapi? Wazee wamekaa.”

Ikupa alifungua mdomo. Ambakisye akamwinulia kidole, akajibu kwa sauti ya mwenyekiti: “Tumeshaingia mjini, mama. Tunakata kona tu.”

Kansas City ilikuwa maili mia tatu mbele.

“Kona ipi hiyo?” aliuliza Ikupa simu ilipokatika.

“Ni lugha ya adabu. Ukimwambia mtu uko mbali unamvunja moyo.”

Hapo hakuwa amebuni kitu. Nyumbani mtu husema amefika akiwa bado bafuni anajimwagia maji, na anayemsikia hujua kujiongezea saa mbili. Lakini Mzee Nasibu hakuwa mtu wa kujiongezea. Saa nane na nusu Dafrosa alipiga tena.

“Mshenga, Mzee Nasibu ametoka kuwapokea. Amesimama hapo kwenye kona na mwamvuli umegeuka. Huku nako barafu inanyesha. Mbona haoni gari lenu?”

“Foleni, mama. Foleni kubwa.”

“Mwambie ukweli!” alisema Ikupa. “Mzee wa miaka sabini na moja anaganda kwa ajili ya kona yako!”

“Unataka posa ivunjike?”

“Unaivunja mwenyewe, tena ukiwa umevaa tai.”

Akachukua simu yake, akampigia Dafrosa. “Dada, mrudisheni mzee ndani. Tuko mtaroni Iowa tangu saa nne. Kona yenu hata kwenye ndoto hatujaiona.”

“Asante kwa kusema,” alisema Dafrosa, akakata. Ambakisye hakumsemesha mkewe mpaka gari lilipovutwa, na Ikupa aliipokea hiyo kama zawadi.

Walilala njiani, wakaingia Kansas City Jumapili mchana. Joto, miti imechanua maua meupe, watu wanatembea na ndala kana kwamba jana haikuwapo. Sebuleni kwa Dafrosa, Mzee Nasibu alikuwa amejifunika blanketi, anakohoa. Ambakisye alivua kofia, akasimama katikati.

“Wazee wangu, hali ya hewa ya mwezi huu…”

“Hali ya hewa haikusema iko kwenye kona,” alisema Mzee Nasibu. “Wewe ndiye uliyesema.”

Mtu mmoja nyuma alicheka. Dafrosa alijiziba mdomo kwa khanga.

“Kijana hatumkatai,” mzee aliendelea. “Mshenga tunamkataa. Rudi na bahasha yako. Uniandikie barua ya kuomba radhi, kwa mkono wako, uitume Seattle kwa posta. Nataka kuona muhuri wa posta, nijue kwa hakika ulikuwa wapi siku uliyoituma. Ikinifikia na ukweli ndani yake, Humphrey atatuma mtu mwingine. Isiponifikia, asitume mtu.”

Jumanne Ambakisye alikaa mezani jikoni, Humphrey akiwa amekwisha piga simu mara tatu tangu asubuhi. Karatasi ya kwanza ilisema, “Kutokana na mazingira yaliyo nje ya uwezo wangu.” Ikupa akaichana. Ya pili ilisema palitokea kutoelewana.

“Nani hakumwelewa nani?” aliuliza Ikupa, akaichana nayo.

Ya tatu ilikuwa fupi. “Mzee Nasibu, nilikudanganya. Nilikuwa Iowa, mtaroni, kwa kuwa sikumsikiliza mke wangu. Ulisimama kwenye baridi kwa ajili ya uongo wangu. Naomba unisamehe, na usimwadhibu Humphrey kwa kosa langu.”

“Hapo pa ‘mke wangu’ ulitaka kupafuta,” alisema Ikupa.

“Nilifikiria.”

“Paache.”

Ambakisye akalamba gundi ya bahasha, uso umekunjamana kama anayemeza kwinini, akaifunga, akaigandamiza kwa ngumi. Ikupa alichukua funguo za gari kabla yake, akamwendesha hadi kwenye sanduku la posta. Ambakisye akashuka, akatazama huku na huku kama kuna mtu wa umoja anayemwona, akaitumbukiza.