Karatasi ya Kupigwa Pasi Mara Moja

Kwa pasi, Lanyero humwambii kitu. Alinyoosha magwanda ya mumewe Ojera mpaka askari wenzake kule kambini Mbuya wakamtania kwamba ameoa dobi. Basi Ojera, kila akitengeneza sakiti zake za umeme nyumbani, alikuwa akichapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, akiulaza kifudifudi juu ya kibao cha shaba, kisha akimwachia mkewe pasi ihamishe wino. Joto likizidi, mistari inavuja. Likipungua, wino unabaki kwenye karatasi na kazi yote ni bure.

Sasa Ojera hayupo. Jeneza lilirudi limefungwa, wakaambiwa lisifunguliwe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama yake, Amony, hakuuona uso wa mwanawe, kwa hiyo hakukubali kwamba amekufa. Na kwa vile ni kiziwi, alikaa mlangoni usiku na mchana, mlango wazi, asije Ojera akabisha asisikike. Baridi ikamwingia kifuani. Akakohoa, akakonda, na kitanda hakitaki.

Ojera alikuwa amemwahidi mama yake taa ya kuwaka mtu akibisha. Kompyuta yake ilikwisha kuharibika, mchoro wa taa hiyo ukabaki kwenye karatasi moja tu, na karatasi ikishapigwa pasi ndiyo basi tena.

Lanyero aliogopa, na nani asingeogopa? Akakandamiza pasi, akatia kibao majini, akaisugua karatasi kwa kidole gumba. Ikatoka vipande vipande huku yeye akilia, maana ndiyo kazi ya mwisho ya mumewe. Mstari mmoja ulikatika. Akauunga kwa kalamu ya wino mzito, akatumbukiza kibao kwenye dawa inayokula shaba isiyofunikwa na wino. Oyet, fundi redio wa Namuwongo, akalehemu vipuri.

Taa ikafungwa juu ya kitanda. Lanyero akamweleza mama kwa mikono, naye akaelewa. Akafunga mlango mwenyewe, akalala.

Nje, Lanyero akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu maziko. Laiti angeishia hapo. Lakini kitu umekitengeneza, utaachaje kukijaribu? Akabisha.

Mlango ulifunguka upesi. Amony alikuwa peku, kitambaa kimemdondoka, anacheka. Alimtazama Lanyero, kisha akaitazama njia nyuma yake, mpaka kule chini barabarani.

"Kumbe ni wewe tu, mwanangu," akasema.

Akauacha mlango wazi, akavuta kiti chake, akaketi.