Besi Nyuma ya Kanisa

Sikuweza kutulia tangu alfajiri. Nilifunga kilemba mara tatu, nikakifungua mara tatu, mpaka Damari akaniambia nikae chini la sivyo atanifunga mimi kwenye mti. Tulikuwa wanawake wanne kutoka milimani, tumekuja Mbeya kwenye mashindano ya kwaya, mwaka wa 1957. Damari, mkubwa wetu, aliimba sauti ya kwanza, Marta ya pili, Tumpe ya tatu. Besi ilikuwa yangu.

Msinicheke. Wanaume wetu walikuwa machimboni, na sauti nzito nilizaliwa nayo. Utotoni walinitania kwamba nimemeza fahali. Damari peke yake ndiye aliyeisikia akaona mali. Miezi minane alinifundisha do na so tukipalilia viazi, na kwa mara ya kwanza maishani nikajiona nina kitu ambacho watu wanakihitaji. Siku ile nilitaka kusimama mbele za watu niimbe, basi. Sikutaka kingine.

Kwaya ya Iringa ikamaliza, wanaume wao sita wakinguruma besi mpaka vioo vya kanisa vikatetemeka. Marta akachungulia mlangoni, akarudi uso umemshuka.

"Nanuswe, baba mkwe wako yumo. Amekaa kiti cha mbele kabisa."

Wanyakyusa wenzangu mnaelewa, wengine niwaambie: kwetu mke haonwi wala hasikiki na baba wa mumewe. Miaka sita nilikuwa nimeolewa na mwana wa mzee yule, na sikuwahi kumtazama usoni. Akipita njiani, mimi huingia migombani nikajifunika. Jina lake silitaji hata leo. Sauti yangu hakuwahi kuisikia. Kubatizwa alibatizwa, lakini jambo hilo hakuliacha, wala mimi sikuthubutu kuliacha.

"We imba umefumba macho," Tumpe akasema.

"Na ya kwake nani atayafumba?" nikamfokea.

Tukaitwa. Wenzangu wakaingia watatu. Mimi nikazunguka nyuma ya kanisa kama mwizi, nikasimama chini ya dirisha, nikihama mguu huu na huu. Nilikasirikia mila, nikamkasirikia mzee, nikajikasirikia mwenyewe. Damari alipotoa sauti ya kuanzia, kinywa changu kikafunguka chenyewe, na besi ikaingia dirishani.

Wimbo ulipokwisha nikamsikia mwamuzi, Mwalimu Eliezeri wa Iringa. "Nimesikia sauti nne, nimeona watu watatu. Asiyesimama humu ndani hahesabiwi."

"Mwalimu," ikaja sauti ya mzee ninayoijua kutoka migombani, "huyo mwanaume wa nje anaona haya gani? Mwiteni aingie. Besi kama hiyo sijaisikia tangu nibatizwe."

Wanawake wa kwetu waliojaa mabenchi ya nyuma wakaangua kicheko. Damari hakucheka.

"Baba, si mwanaume huyo. Ni mkwe wako."

Kicheko kikakatika. Nilitaka kukimbia nisisimame mpaka nyumbani, lakini nikabaki pale pale chini ya dirisha. Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu taratibu, ikielekea mlango wa mbele.

"Waimbe tena wote wanne," alisema. "Mimi natoka."

Nikajifunika kitenge mpaka puani, nikaingia kwa mlango wa ubavuni. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, kofia yake juu yake. Nikajifunua. Tukaanza upya, na safari hii niliimba kwa pumzi yangu yote, watu wananitazama, na raha niliyoiona siwezi kuificha.

Kwenye ubeti wa mwisho nikaisikia. Kutoka nje, pale nilipokuwa nimesimama mimi, sauti nzito ya kizee ilikuwa ikiifuata besi yangu, ikikosea maneno, ikishika noti. Damari alinikazia jicho nisipotee. Sikupotea. Nilipunguza mwendo kidogo tu, ili anifikie, na tukamaliza pamoja.

Ushindi walichukua Iringa. Damari alinuna njia nzima, akisema mwendo ndio uliotuponza. Nilimwacha aseme. Miaka sita katika nyumba ya mzee yule, na ubeti ule ndilo jambo la kwanza tuliloambiana.